Kidole au kalamu? Safari ndefu ya kioo kinachohisi vyote viwili

Mwaka jana nilimsindikiza bibi yangu kutoka Uru kwenda kwenye ofisi moja mjini Moshi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: ahakiki taarifa zake, aweke saini, arudi nyumbani kabla mvua haijaanza. Karani akamgeuzia kishikwambi, akamwonesha mstari chini ya ukurasa, akasema, "Bibi, saini hapa kwa kidole."

Bibi akaweka kidole. Kioo kikakaa kimya. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, zikatokea nukta mbili na kamstari kaliokatika katikati. Akafungua pochi yake, akatoa biki. "Kalamu ninayo," akasema. Karani akatabasamu: "Hiyo hapa haifanyi kazi, Bibi." Wakajaribu tena na tena, foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Mwisho karani akachomoa karatasi na kidau cha wino. "Basi tuweke dole gumba tu, yaishe."

Likawekwa, yakaisha. Lakini kwenye gari bibi hakusema neno mpaka tunakaribia kushuka. Ndipo aliponiambia: "Mimi dole gumba nililiacha nikiwa na watoto watatu."

Makala hii ni jibu langu kwake, ingawa nimechelewa kidogo. Maana yake kuna maswali mawili hapo, na yote yana historia. Kwa nini kioo kilikikataa kidole cha mtu aliye hai, halafu kikaikataa na kalamu? Na kama leo viko vioo vinavyohisi kidole na kalamu kwa pamoja, ilichukua nini kufika hapo?

Kwanza, mlimani

Usidhani ugomvi wa kidole na kalamu umeletwa na kompyuta. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro una zaidi ya miaka mia moja.

Kalamu iliingia huku ikiwa na madaraka. Mwaka 1885 Jenerali Mathews alifika Kilimanjaro kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, akitaka watawala wa mlimani wakiri kuwa chini ya Sultani. Muda si mrefu akafika Mjerumani, Karl Jühlke, naye akiwa na mkataba wake, na Mangi Rindi wa Moshi akauridhia. Yaani mwaka mmoja, mlima mmoja, karatasi mbili zinazopingana. Watu wakajifunza mapema kwamba wino ukishakauka una nguvu ya kubeba nchi nzima.

Baada ya hapo zikaja shule za misheni: Wakatoliki kule Kilema, na kuanzia 1893 Walutheri wa Leipzig wakashika vituo vya Machame, Mamba na Moshi. Kalamu ikaanza kushikwa na vijana wa hapa hapa. Kisha ikaja kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, ili kuilinda kahawa ya Mwafrika dhidi ya walowezi waliotaka azuiwe kuilima. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake bado linasomeka mjini Moshi mpaka leo.

Sasa fikiria kahawa inavyouzwa kwenye chama cha msingi. Kuna mizani, kuna daftari, kuna stakabadhi. Anayejua kuandika anaweka saini. Asiyejua anachovya dole gumba kwenye wino. Kwenye ukurasa mmoja wa daftari unaweza kuwaona watu wa aina mbili bila kumuuliza yeyote alisoma wapi. Dole gumba halikuwa kosa, na kisheria lilitosha, lakini kila mtu alijua linasema nini kuhusu mwenye kidole.

Ndiyo maana kisomo cha watu wazima kilikuwa na uzito ule. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa kila kona: chini ya miti, makanisani, kwenye ofisi za kata. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1977 walikuwa wamebaki 27. Bibi yangu ni mmoja wa waliovuka katikati ya tarakimu hizo mbili. Alihama kutoka kwenye kidole akaenda kwenye kalamu, tena akiwa na mtoto mgongoni. Nusu karne baadaye kioo kikamwambia arudi kwenye kidole, na kidole chenyewe kikakataliwa.

Kalamu ilitangulia

Kwenye upande wa mashine nako kalamu ndiyo iliyofika kwanza. Mwaka 1888 Mmarekani Elisha Gray alipata hataza ya telotografu, chombo kilichopeleka mwandiko kwa waya: unaandika huku, kalamu nyingine inaiga mikono yako kule mbali. Umeme ulikuwa bado mchanga, lakini wazo la kutuma saini bila kutuma karatasi lilikuwa tayari limezaliwa.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa uzamivu MIT, alionesha programu aliyoiita Sketchpad. Alichora moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kalamu hiyo haikuandika chochote. Kazi yake ilikuwa kuona: ilikuwa na kihisio cha mwanga, na kompyuta ilijua ilipo kwa kuangalia ni wakati gani hasa mwanga wa skrini umepita mbele yake. Shida ni kwamba ulilazimika kuuinua mkono hewani na kuushikilia hapo muda wote. Jaribu kuandika barua ukutani kwa saa nzima, utaelewa.

Mwaka uliofuata, 1964, shirika la RAND likatoa ubao wa kulaza mezani, wenye ukubwa wa inchi 10 kwa 10. Ndani yake kulikuwa na gridi ya nyaya nyembamba mno, zilizoweza kutofautisha nukta takriban milioni moja. Nyaya zilituma mapigo ya umeme, na kalamu ikayasikiliza na kujua iko kwenye makutano yapi. Likumbuke neno hilo, gridi, kwa sababu ndilo litakalorudi mwisho wa hadithi.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Japani. Kampuni ya Wacom, iliyoanzishwa 1983, ilitengeneza kalamu isiyo na waya wala betri. Utauliza, sasa inapata wapi nguvu? Chini ya ubao kuna koili zinazotoa uga wa sumaku unaobadilika haraka sana. Ndani ya kalamu kuna koili nyingine ndogo, iliyopangwa kuitikia mdundo ule ule. Ubao unatoa mlio wa sumaku, kalamu inaitikia, kisha ubao unanyamaza kwa kitambo kidogo na kusikiliza mwitikio unatoka wapi. Ni kama kumwita mwenzako ng'ambo ya korongo wakati wa ukungu: humwoni, ila akiitika unajua yuko upande gani. Kidole hakina koili. Kwa ubao wa namna hiyo, kidole hakipo kabisa.

Kidole kinaingia

Wakati kalamu inaendelea na safari yake, kidole kilikuwa na yake. Mwaka 1965 E. A. Johnson, mhandisi wa kituo cha utafiti wa rada kule Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo mafupi ya skrini inayohisi mguso wa kidole. Alikuwa akiwafikiria waongozaji wa ndege, watu ambao hawana muda wa kutafuta vitufe. Miaka ya 1970, kwenye maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, Frank Beck na Bent Stumpe wakatengeneza skrini za kugusa kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo wao mpya wa chembe, ulioanza kazi 1976.

Hizo zilitumia kapasitansi, neno ambalo linatisha kuliko kitu chenyewe. Mwili wako umejaa maji yenye chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme kiasi. Ukipeleka kidole karibu na waya wenye chaji, sehemu ya uga wa umeme inaegemea kwako. Mashine inapima upungufu huo mdogo na kusema: hapa pana kidole.

Kulikuwa na njia nyingine, ya matabaka mawili. Juu plastiki laini, chini kioo, kati yao nafasi nyembamba. Ukibonyeza, matabaka yanagusana, mashine inajua wapi. Unazikumbuka zile simu za Mchina zilizojaa mtaani kabla ya 2012, zenye kijiti cha kuchomoa kwenye kona? Nyingi zilikuwa za aina hiyo, kama Palm Pilot ya 1996 iliyozitangulia. Uzuri wake ni kwamba hazikuchagua: kidole, kijiti, ukucha, hata mfuniko wa biki, vyote sawa. Bibi angeweka saini bila tatizo. Ubaya wake ni kwamba hazikujua ni nini kilichozigusa. Ukilaza kiganja ili uandike vizuri, kiganja nacho kinaandika.

Mwaka 2007 ikatoka iPhone, na dunia ikageuka. Kioo kigumu kisichohitaji kubonyezwa, kinachotambua vidole kadhaa kwa wakati mmoja. Kijiti kikaonekana ni mambo ya kale. Na biki? Ganda lake ni plastiki isiyopitisha umeme, na hata kama lingepitisha, ncha yake ni nyembamba mno. Mistari ya gridi ndani ya kioo cha simu hukaa umbali wa milimita 4 au 5 hivi, kwa sababu ilipangwa kutafuta kitu chenye upana wa kidole. Ncha ya biki inapita katikati kama dagaa kwenye nyavu za sangara.

Kwa nini kidole cha bibi kilikataliwa

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kioo cha kugusa hakihisi kidole. Kinahisi nyama yenye maji iliyo chini ya ngozi. Tabaka la juu kabisa la ngozi limekufa na ni kavu, na kikawaida ni jembamba kiasi kwamba halileti shida. Lakini mkono ulioshika jembe, mundu na kikapu cha kahawa kwa miaka sitini umejijengea sugu. Tabaka kavu linakuwa nene, hasa msimu wa baridi na upepo, na nyama yenye maji inasogea mbali zaidi na kioo. Mabadiliko ya uga yanapungua. Ndani ya kishikwambi kuna kiwango kilichowekwa na mhandisi: chini ya hapo, hesabu kwamba hakuna mtu. Kiwango hicho hakikupangwa kwa ubaya. Kikiwa chini sana, kioo kitadhani kila tone la manyunyu ni kidole. Ila mahali pa kukiweka ni uamuzi wa binadamu, na binadamu huyo aliamua akiwa na vidole fulani kichwani.

Kubonyeza kwa nguvu, alivyofanya bibi, husaidia kidogo tu, kwa kuwa kidole kinatandazika na eneo la mguso linaongezeka. Kulowesha ncha ya kidole kidogo husaidia zaidi. Karani angejua hilo, angemwambia. Mimi nilikuwepo, nasomea shahada ya pili, na sikumwambia, kwa sababu siku hiyo nami sikujua.

Ndoa ya kidole na kalamu

Kuviunganisha viwili hivi kulikuwa kugumu kwa sababu moja rahisi: mtu anayeandika hulaza mkono. Kwa kioo cha kapasitansi, kiganja ni kidole kikubwa kinachopiga kelele kuliko ncha ya kalamu.

Dalili ya suluhisho ilianza kuonekana mwishoni mwa 2007, Dell walipotangaza kompyuta ya Latitude XT, iliyotumia teknolojia ya kampuni ya N-trig. Gridi moja, kazi mbili. Badala ya kalamu kungoja kuhisiwa, kalamu yenyewe ikawa inatoa ishara ya umeme. Kioo kinagawa muda wake kama watu wawili wanaopokezana zamu: kitambo hiki kinapima vidole, kitambo kinachofuata kinasikiliza kalamu, mara nyingi ndani ya sekunde moja kiasi kwamba mkono wako hauoni pengo. Mwaka 2011 Samsung wakaja na Galaxy Note kwa njia nyingine: juu gridi ya kapasitansi kwa ajili ya vidole, chini ubao wa sumaku wa Wacom kwa ajili ya kalamu. Mashine mbili zimelala kitanda kimoja. Mwaka 2015 hata Apple, waliokuwa wameachana na kijiti, wakatoa kalamu yao.

Siri ya kiganja ikatatuliwa kwa ujanja wa kawaida kabisa. Kalamu hutambulika hata kabla haijagusa kioo, ikiwa juu yake kiasi cha sentimita moja. Mara tu ikikaribia, kioo kinajua mtu anataka kuandika, hivyo miguso mipana inayofuata inapuuzwa.

Halafu watafiti wakagundua kwamba vyote viwili pamoja vina faida kuliko kimoja kimoja. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Ufaransa, Yves Guiard, alikuwa ameeleza kwamba mikono yetu haigawani kazi sawa kwa sawa. Mmoja unaweka msingi, mwingine unafanya kazi ya makini juu ya msingi huo. Huhitaji kwenda Ufaransa kulithibitisha. Mtazame mama anayemenya ndizi za mtori: mkono wa kushoto unaizungusha ndizi, wa kulia unapitisha kisu. Mwandishi naye husogeza karatasi kwa mkono mmoja huku anaandika kwa mwingine. Kioo kinachohisi vyote viwili kinaruhusu hivyo hivyo: kidole kinasogeza na kukuza, kalamu inaandika.

Tumefika wapi

Huku kwetu kioo cha kugusa kimeingia serikalini kwa kishindo. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Kabla ya hapo, jirani zetu wa mkoa wa Tanga walikuwa wameshaona jaribio kubwa: kati ya 2017 na 2019, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili ili wajifunze KKK wenyewe. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi Mei 2019. Mtoto kuanza kufuatisha herufi kwa kidole kabla ya kushika penseli si jambo baya. Mtoto ana ngozi laini na kioo kinampenda.

Ila ofisi haihudumii watoto. Inahudumia mkulima wa Kibosho, fundi wa magari wa Majengo, mama anayefua nguo za watu. Wanaonunua vifaa huangalia bei, ukubwa wa kumbukumbu na betri. Ni vizuri. Naomba waongeze swali moja kwenye orodha: mtu mwenye sugu ataweka vipi saini hapa? Kuna majibu mengi, na si yote ya gharama. Kijiti chenye ncha ya mpira unaopitisha umeme ni kidole bandia cha bei nafuu, na kingetosha kwa saini. Kalamu halisi ya kielektroniki ni bora zaidi. Hata kitambaa chenye unyevu pembeni ya meza ni kitu.

Desemba, kama ilivyo ada yetu, tulipanda nyumbani. Niliazima kwa rafiki kishikwambi chenye kalamu, nikampa bibi baada ya chakula. Aliilaza mikono yote miwili juu ya kioo, kushoto akikishikilia kama daftari, na nikaona kioo kinapuuza viganja kama kinavyotakiwa. Akaandika jina lake lote, taratibu, na mkia chini ya herufi ya mwisho kama alivyofundishwa ngumbaru. Haukukatika popote.

Akakigeuza kuona kama kuna kitu nyuma. Kisha akauliza, "Sasa hiki mbona kule hawakuwa nacho?"